Honi inalia yenyewe usiku

Jamani wiki nzima gari inanichezea, mvua ikinyesha tu usiku honi inalia yenyewe, asubuhi betri imeshuka hadi volti 11.8 wakati ikijaa inatakiwa kama 12.6 hivi. Fundi akasema betri imekufa, nikanunua mpya, ujinga wangu. Juzi nikafungua mwenyewe boksi la fyuzi, nikachomoa relei ya honi (kile kiswichi kidogo kinachowasha honi) nikakuta miguu yake ina uchafu wa kijani kama chumvi, na chini maji kabisa! Kumbe njia ya kutolea maji pale chini ya kioo cha mbele imezibwa na majani, maji yanafurika mpaka kwenye waya. Nikatoa teminali ya betri, nikasugua ile miguu ya relei na mswaki wa zamani, nikaacha ikauke. Jana mvua imepiga, honi kimya. Ile betri ya kwanza nilishaiuza, inaniuma.