Beringi ya Corolla ya mjomba

Corolla ya mjomba, ile ya toleo la E110, ilirudi kutoka Urambo mwishoni mwa mvua ikinguruma. Chini ya kilomita 40 kwa saa ilikuwa kimya. Ikifika 60 mngurumo unaanza, na kwenye 80 inabidi mpaze sauti ndipo msikilizane. Mjomba alishuku matairi. Lakini sauti ya tairi hubadilika ukitoka kwenye lami kuingia kwenye changarawe, na mngurumo huu haukujali njia, ulifuata mwendo tu. Tukatafuta kipande cha barabara kilicho wazi, nikamwomba ayumbishe usukani polepole. Akikata kushoto unapanda, akikata kulia unafifia. Gari likikata kushoto uzito hulalia kulia, basi tukajua ni beringi ya gurudumu la mbele la kulia, kile kifaa chenye gololi kinacholiwezesha gurudumu kuzunguka.

Nyumbani, mtaani Ng'ambo, tuliliinua gari. Unaweka kiganja kwenye springi huku mkono mwingine unazungusha gurudumu, na beringi iliyokwisha utaihisi ikikwaruza mpaka kwenye springi. Kisha tukashika tairi juu na chini na kulitikisa. Lilicheza. Mjomba akakanyaga breki, mchezo ukaisha. Kama ungebaki, tungeisaka boli jointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu kwa chini.

Mjomba ameendesha Land Cruiser miaka mingi, na beringi za mbele alizibadilisha mwenyewe chini ya mwembe. "Mpwa wangu, gereji ya nini?" akaniuliza. "Nyundo ninayo, tindo ninayo."

Kwa Land Cruiser ile alikuwa na haki. Kila gurudumu la mbele lina beringi mbili za roli, zinatoka kwa mkono, unazishindilia grisi kwa kiganja, unarudisha na kurekebisha nati mpaka gurudumu lizunguke bila kucheza. Corolla hii ina beringi moja iliyozibwa, safu mbili za gololi, na imesukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya nakoli, kile chuma kizito kinachobeba habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu) na kalipa (kibano cha breki). Nikamwambia, "Mjomba, kufungua na kufunga tufanye hapa hapa. Kusukuma beringi tuiachie presi, mashine ya kukandamiza." Akakubali, si kwa furaha.

Nati ya shafti, ule mhimili unaozungusha gurudumu, hulegezwa gari likiwa chini, mtu akikanyaga breki. Tulichomoa kotapini, pini inayoizuia nati isilegee, tukaweka soketi ya 30 na paipu refu. Ardhi ya pale ni kichanga, kwa hiyo jeki na stendi tuliziweka juu ya vipande vya mbao nene. Jeki likizama gari linaegemea upande, na mtu yuko chini yake. Kalipa tuliitoa kwa bolti zake mbili na kuifunga kwa waya kwenye springi, kwani ikining'inia kwa mpira wa breki, mpira unachanika kwa ndani usikoona. Tairodi endi, ncha ya fimbo ya usukani, haihitaji kupigwa kichwani. Iache nati kwenye nyuzi chache, gonga ubavu wa mkono wa nakoli, inaachia yenyewe. Boli jointi ya chini ina bolti moja na nati mbili. Bolti mbili kubwa za shokapu tulizichora alama kwanza, ili gurudumu lirudi kwenye mlalo wake. Shafti tuliisukuma kwa kipande cha mbao, bila kuivuta kwa nje, maana jointi ya ndani inaweza kuachana.

Mjomba akaipakata nakoli kwenye bodaboda hadi kwa fundi mwenye presi.

Habu ilipotoka, nusu ya pete ya ndani ya beringi ilibaki imeng'ang'ania kwake, jambo la kawaida. Fundi aliikata kwa grenda karibu mpaka mwisho, akaimalizia kwa tindo, ili grenda isiguse shingo ya habu. Tukaipangusa pete ya nje tukaitazama. Kulikuwa na vishimo vidogo, vimepangana kwa nafasi ileile ya gololi. Maji na mchanga huacha kutu na magamba. Vishimo vilivyopangana hivyo mara nyingi ni alama ya nyundo: aliyeifunga mara ya mwisho aliipigia pete ya ndani, na kila pigo likapita kwenye gololi. Mjomba aliitazama pete ile kwa muda mrefu. Hakuitaja nyundo tena.

Kanuni ni moja na haina msamaha: nguvu ipite kwenye pete inayobanwa, kamwe isipite kwenye gololi. Kuingiza beringi ndani ya nakoli, unasukuma pete ya nje. Pete ya zamani ikisagwa kidogo pembeni inafaa sana kwa kazi hiyo. Tundu lisafishwe kwanza, likwaruzwe kidogo kwa msasa laini. Baada ya beringi, pete ya kufungia ikae yote kwenye mfereji wake. Kusukuma habu, unategemeza pete ya ndani kwa chini kwa kipande cha paipu. Fundi asipotegemeza pale, beringi mpya inaharibika kabla gari halijatoka nje, na utaambiwa ulinunua feki.

Kufunga ni kurudi ulikotoka, isipokuwa nati ya shafti. Inataka Nm 216 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na ndiyo inayobana nusu mbili za pete ya ndani zishikane. Usilisukume gari hata hatua chache nati ikiwa legevu. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hatukuwa nayo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ikining'inia mita 1 kutoka katikati ya nati, paipu likiwa limelala sawa, inatoa karibu nguvu hiyo ukijumlisha uzito wa paipu lenyewe. Tukafanya hivyo, breki imekanyagwa, kisha kotapini mpya. Nati za gurudumu ni Nm 103, zikazwe kwa kupishana.

Mjomba alitaka na ya kushoto ibadilishwe siku hiyo hiyo. Nilimkatalia. Ilikuwa kimya, haichezi, na kuitoa kungeiua, kwa sababu beringi ya aina hii haitoki ikiwa nzima. Tukakubaliana aisikilize kwa kiganja kwenye springi kila anapobadilisha oili.