Mama wa fremu na neno "vacate"

Natafsiri makaratasi hapa Arusha. Vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya kampuni za utalii, wosia, na kesi nyingi kuliko nilivyotarajia nilipoanza. Mji huu umezoea Kiingereza cha mahakamani: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa tangu 2007, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ipo hapa, na ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Lakini makaratasi yanayofika mezani kwangu hayatoki huko. Yanatoka kwa mawakili wa mtaani, kwa wenye nyumba na kwenye mabaraza ya ardhi, na humo ndimo nilimokutana na "vacate" ya aina ambayo shuleni hatukufundishwa.

Ile ya kwanza kila mpangaji anaijua. Notisi ikisema "vacate the premises", toa vitu vyako, rudisha funguo. Hakuna cha kutafsiri hapo zaidi ya "hama".

Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitenge na mashuka kwenye fremu karibu na Soko Kuu alinijia na karatasi ya baraza la ardhi na nyumba. Ilikuwa kabla ya sheria ya 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo uamuzi wote ulikuwa kwa Kiingereza. Mwenye fremu alimshtaki kwa malimbikizo ya kodi, samansi haikumfikia, shauri likasikilizwa upande mmoja na ikatoka amri ya kumwondoa. Wakili wake akawahi kuomba ndani ya zile siku 30 ambazo sheria inampa mtu aliyehukumiwa bila kuwepo. Sasa majibu yametoka, wakili yuko safarini, simu haipatikani. Mama akapiga picha ukurasa wa mwisho, akamtumia mwanawe anayesoma Moshi. Kijana akaona "eviction order", mbele kidogo akaona "vacated", akampigia: "Mama, wamesema uhame."

Alipofika kwangu alikuwa ameshaongea na mtu wa mkokoteni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. We nisomee tu nijue nimepewa siku ngapi."

Nikatafuta siku. Hazikuwepo. Hapo ndipo nilipoanza kusoma polepole, maana amri ya kumtoa mtu kwenye pango kwa kawaida humpa muda, hata kama ni mfupi wa kuudhi. Nikarudi kwenye sentensi yenyewe: hukumu ya upande mmoja, pamoja na amri ya kuondolewa iliyotokana nayo, "are hereby vacated".

Simlaumu yule kijana. Hayo maneno mawili yakikaa pamoja kwenye mstari mmoja yanatisha. Ila ukiuliza kinachoachwa ni nini, jibu lipo palepale: hakijaachwa chumba, imeachwa hukumu. Na anayeiacha si mama, ni baraza lenyewe, linaondoa neno lake lililotoka mwanzo. Asili ya neno ni Kilatini, maana yake kuwa tupu, na ndiyo iliyozaa pia "vacancy" ya matangazo ya kazi. Mpangaji akitoka, fremu inabaki tupu. Hukumu ikitolewa kwenye jalada, mahali pake panabaki wazi, ni kama haikuandikwa.

Kuelewa ilikuwa nusu tu ya kazi. Mama alitaka Kiswahili cha kumwonyesha kaka yake, aliyekuwa ameshaanza kumtafutia fremu nyingine, na mimi nilitaka neno ambalo lisingezua tafsiri ya tatu. Nikaanza na Katiba, kwa sababu ile ya 1977 tunayo kwa lugha zote mbili. Ibara ya 71 inasema mbunge atakoma kuwa mbunge na "ataacha kiti chake"; Kiingereza chake kinasema "shall vacate his seat". Safi kwa kiti. Kwa hukumu haifai: ukiandika "hukumu imeachwa", msomaji atadhani imeachwa kama ilivyo, yaani kinyume kabisa.

"Kufuta" ilinivutia kwa sababu ni nyepesi, lakini mtu wa kawaida akisikia kesi imefutwa anajua imekwisha, anaenda nyumbani. Hii haikuwa imekwisha. "Kubatilisha" nayo ina uzito wake. Inaelekea kusema kitu kilikuwa batili, kina kasoro ya ndani, wakati baraza halikusema kwamba mama hadaiwi wala kwamba mwenye fremu ni mwongo. Lilisema tu kwamba upande mmoja haukusikika.

Nikaandika "imetenguliwa". Watanzania tumelizoea kwa uteuzi wa viongozi unaotenguliwa usiku usiku, kwa hiyo halimshtui mtu. Lakini kilichomwingia mama si taarifa ya habari. Nilimwambia ni kama udhu. Ukitenguka, hakuna anayesema hukutawadha vizuri. Unarudi kwenye maji, unaanza upya.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo sijahamishwa?"

"Hujahamishwa, mama."

"Na sijashinda?"

"Bado. Mtasikilizwa wote wawili."

Nilifurahi alivyouliza hilo la pili mwenyewe, maana watu wengi wakiambiwa hukumu imetenguliwa hukimbilia kushangilia, na kodi inayodaiwa inabaki inadaiwa. Mkokoteni akaughairi kwa simu akiwa bado amekaa kwenye kiti changu, na jamaa wa mkokoteni alitaka hela ya usumbufu. Mabishano hayo yalichukua muda kuliko tafsiri.

Baadaye nilimuuliza karani mmoja mstaafu kama nilichagua vizuri. Alikubali, akaongeza kwamba kwenye maamuzi ya huku kwetu utakutana zaidi na "set aside" na "quash", ambazo naye huziita kutengua na kubatilisha au kufuta, kutegemea kinachoondolewa. "Vacate" ya hukumu, alisema, ni mazoea ya Wamarekani zaidi, ingawa huku pia ipo. Akanikumbusha na ya tatu: tarehe. Jalada likisema tarehe ya kusikilizwa ni "vacated", hakuna aliyefukuzwa wala kilichobatilishwa. Tarehe hiyo imeondolewa kwenye ratiba, subiri nyingine. Mimi huandika "tarehe hiyo imeondolewa" na naongeza kama nyingine imetajwa au la, kwa sababu swali la kwanza la mteja ni hilo. Sipendi kuandika "imeahirishwa" kama karatasi yenyewe haijasema shauri linasogezwa mpaka lini.

Ilimpata hata yule mama. Shauri lilipopangwa upya, tarehe ya kwanza ikaondolewa kwa sababu ya udhuru wa mwenyekiti, na kijana akanipigia kutoka Moshi. Safari hii hakuniambia mama anahama. Aliniuliza, "Kaka, hapa kilichoondolewa ni tarehe au ni amri?"

Kesi yenyewe haikufika hukumu. Walikaa na mwenye fremu, mawakili wakiwepo, wakakubaliana malimbikizo alipe kwa awamu na akimaliza msimu wa sikukuu atoke, kwa sababu mwenye fremu alikuwa na mpango wa kujenga ghorofa pale. Makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili: mpangaji "atahama na kukabidhi fremu ikiwa tupu". Mwenye fremu alikuwa na mtoto Uingereza aliyechangia ujenzi na alitaka naye asome, wakaniletea nitafsiri. Nikaandika "shall vacate the premises", nikamtoza bei ya kawaida ya ukurasa mmoja.