Magunia tisa ya Uwemba

Nimeamka tena saa tisa usiku na sauti ya yule bibi. Wiki hii tumefanya send-off ya wifi, lori limelala mlima Kitonga siku mbili, Baba Neema katolewa plasta mkononi (mnaokumbuka ile ajali ya pikipiki, ndo hivo ameshapona, Mungu ni mwema), na bado kichwani kwangu kuna bibi mmoja tu kasimama pembeni ya viazi vyake kajifunika kanga mpaka masikioni.

Ilikuwa Jumanne kule Uwemba, Njombe, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Vijana wanajaza viazi, mi mnunuzi nasimamia. Gunia linajaa kwa debe sita, wao wanaongeza mbili, vile vikubwa wanavipanga kwa mkono kuzunguka mdomo kama wanajenga ukuta, juu wanatandika majani, halafu sindano na kamba ya nailoni inavutwa huku na huku mpaka gunia linaota kichwa. Lumbesa, kila mtu anaijua. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, hilo nalo kila mtu analijua. Bibi hakuuliza kitu, mi ndo nikawahi, "Bibi, ndo utaratibu wa soko."

Akasema, "Haya mwanangu. Si wewe ulituombea siku ya mavuno? Ona sasa, Mungu kasikia, vimefurika mpaka gunia halitoshi."

Akacheka kidogo, akapokea hela yake akaifunga kwenye pindo la kanga. Mi tangu siku hiyo naurudia ule mcheko. Alikuwa anashukuru au alikuwa ananiambia? Nikiwa naosha vyombo nausikia ni wa shukrani, nikizima taa nausikia mwingine kabisa. Maana ni kweli niliomba, tena kwa machozi, nikasema Bwana wajaze ghala zao, wiki tatu baadae naenda kuzipunguza mwenyewe na kamba ya nailoni.

Jumuiya tumesoma Mithali 4:23 sijui mara ngapi, linda moyo wako kuliko yote uyalindayo. Mi nilijua ndo nalinda, sinywi, siendi kwa waganga, simsengenyi mtu, nikawa kama askari anaangalia barabarani tu. Kumbe Yesu kwenye Marko 7 anasema vinavyomtia mtu unajisi vinatoka ndani, na pale kwenye wivi na uzinzi kaweka na hila. Hila yangu nilikuwa nimeipa jina zuri, utaratibu. Miaka sita nalitamka hilo neno na halijawahi kunikaba kooni, na hapo ndo ninapoogopa, kwamba nafsi inaweza kuwa inavuja pole pole na wewe Jumapili uko mbele unaongoza maombi.

Ijumaa nikapiga hesabu, debe mbili mara magunia tisa, debe 18, kwa elfu kumi kila debe ni 180,000. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, alisema anarudisha mara nne, mi nilikuwa na hiyo mara moja tu, nikapanda bodaboda nikaenda nayo. Bibi alikuwa anapukuchua mahindi, akauliza za nini, nikamwambia za vile vilivyofurika.

Kanyamaza. Akaendelea na gunzi lake mpaka likaisha, akaniangalia, akasema, "Kumbe na wewe uliona."

Jamani nililia pale pale na nililia kwa furaha, sijui nielezeje, kifua kilikuwa chepesi kama siku ile nimebatizwa ukubwani. Alinipa togwa kwenye kikombe cha bati, tukaongea habari za wajukuu wake hadi jua likazama. Narudi nyumbani nikakopa mizani ya kuning'iniza kwa jirani. Mzigo wa wiki ijayo nanunua kwa kilo. Baba Neema anasema mteja wa Dar hataki gunia lisilo na kichwa, wenzangu watanipita bei na ada ya Neema ni mwezi ujao, na hajakosea, hesabu nimeziona. Nimemwambia tujaribu lori moja. Kakubali ila hakumaliza chakula.

Mama naye kapiga jana jioni, anasema mguu hauumi. Wala sikuwa nimemuuliza habari za mguu. Mdogo wangu kanitumia picha, umevimba mpaka kandambili haiingii, na hataki kabisa kusikia habari za hospitali.