Siku moja maishani mwangu: Lisbon na wageni kutoka Muscat

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi metro ya kwanza inaondoka Amadora, nami nimo, raba miguuni. Mgeni wa Lisbon nikitakiwa nimpe wosia mmoja, nitampa huo wa viatu. Njia za hapa zimetandikwa vijiwe vyeupe ambavyo nyayo za watu zimevisugua hadi vinang'aa. Likidondoka tone la mvua, unatembea juu ya sabuni.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na kazi yangu ni kutembeza watalii.

Saa tatu kasoro robo niko mlangoni mwa hoteli, Rossio. Wageni wa leo ni babu, bibi na wajukuu wawili wakubwa, kijana na dada yake. Nimejiandaa kwa Kiingereza, lakini mzee ananiwahi: "Umeamkaje, mwanangu?" Kiswahili cha Unguja kitupu! Alihamia Muscat angali kijana. "Shikamoo, babu," nikajibu, na maelezo yote niliyoyakariri yakayeyuka.

Saa nne tuko mtaa wa Belém, kwa tramu namba 15. Katika kanisa la Mosteiro dos Jerónimos, ukiingia tu unakutana na Vasco da Gama amelala juu ya kaburi lake, wa mawe, viganja vimekutanishwa kama anayesali. Hapo ndipo huwa nasimulia safari ya 1498: Mombasa hawakumtaka, Malindi wakampokea wakampa rubani wa kumvusha hadi India. Kabla sijafika Malindi babu akanikatiza. "Na 1698?" Wajukuu wakatazamana. Nikawaeleza kwamba mwaka huo Waomani waliiteka Fort Jesus, baada ya kuwazingira Wareno humo kwa karibu miaka mitatu. Babu akalitazama kaburi kama mtu aliyeshinda kesi.

Bibi yeye alikuwa ameshika kibao kilichoandikwa "Igreja". "Gereza?" Ndilo lenyewe. Neno lao la kanisa lilipofika kwetu likawa jela. Toka hapo kazi ikawa hiyo moja, kusaka maneno tuliyoyachukua kwao: meza, leso, bendera, foronya, parafujo. Kila duka tulilopita alisimama kusaka jingine.

Mchana, Alfama. Mtaa huu ulinusurika kwa sehemu kubwa tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilipoangusha mji, ndiyo maana vichochoro vyake bado vinajikunja kama vya Mji Mkongwe. Jina lake ni la Kiarabu, lenye asili moja na hamamu, na babu alilitambua kabla sijafungua mdomo. Tukala samaki wa kuchoma. Kwa Waislamu nauliza jikoni kila mara, maana hapa nguruwe hujificha hata kwenye supu ya mboga.

Saa kumi jioni niliwapeleka Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa za kale. Si kawaida yangu. Watalii wengi wanataka tramu namba 28 (imebanana kama matatu, na wachomozi wa pochi wanaijua vizuri), kisha kitu kitamu cha mayai na mdalasini. Lakini kwa hawa nilitaka kuonyesha kitu kimoja tu: Custódia de Belém, chombo cha ibada cha dhahabu, na mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka. Kilimalizika 1506. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Mwaka 1502 Vasco alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi, na mfalme Manuel akaikabidhi dhahabu hiyo kwa sonara Gil Vicente.

Tulikaa muda mrefu mbele ya kioo kinachokihifadhi chombo hicho. Ni kizuri, sitasema uongo, rangi zake bado mbichi. Mwishowe babu akauliza taratibu, "Na risiti walimwachia?"

Saa tatu usiku, nyumba ya fado, nyimbo za huzuni za Wareno. Taa zikapunguzwa, gitaa la nyuzi 12 likaanza kulia, na mwanamke mwenye shali jeusi akafumba macho. Sheria ya fado ni kimya: hata kijiko hakigongwi. Nilikuwa nimesahau kwamba bibi ni mtu wa taarabu. Beti la pili lilipomkolea akainuka, noti ya euro 10 mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji! Nikamdaka buibui. Mhudumu akaweka kidole mdomoni. Wimbo ulipokwisha mwimbaji akaja mwenyewe mezani petu, akaipokea noti na kuichomeka kwenye shali.

Wazee wakaenda kulala. Wajukuu wakataka kuuona usiku, nikawapandisha mtaa wa Bairro Alto. Baa za kule ni ndogo kiasi kwamba wateja wote wamesimama njiani, kwa hiyo starehe unaipata kwa kutembea tu. Tukanunua soda za pesheni, tukapita. Wale vijana wanaokunong'oneza bangi usiwajibu. Mara nyingi wanauza majani ya kupikia pilau. Tukamalizia São Pedro de Alcântara, mahali pa juu pa kutazamia mji, ngome ya São Jorge ikiwaka taa ng'ambo ya bonde, dada mtu akijipiga picha zisizokwisha.

Metro hufunga saa saba usiku. Nilikimbia, raba zikanisitiri. Kesho nina kundi la Wajerumani, saa nne. Nadhani nitawaanzishia kwenye kile kioo.