Mti Una Wenyewe

Kamba niliyoizungusha kwenye ule mwembe ilikuwa fupi. Ikabidi niiunge na ya ndoo ya kisimani ndipo ncha zikakutana. Tukaitandaza chini, bamdogo akaipima kwa futi kamba: mita 3 na sentimita 60. Akaokota kipande cha mkaa, akaandika 360 kwenye ukuta wa jiko la bibi mwenye mti, akagawa kwa tatu na kitu, akafuta, akagawa tena.

"Mia na kumi na tano," akasema. "Huo ndio unene wake."

Tukatazamana. Mashine yetu ya kukatia miti wakati huo ilikuwa ya CC 45, bapa lake (lile chuma refu linalozungukwa na cheni) inchi 18, yaani sentimita 45 na ushee. Ukikata upande huu na upande ule unapata 90. Katikati inabaki sentimita 25 ya mti ambayo hakuna jino la cheni litakaloigusa.

Ilikuwa Julai 2015, Tabora, upande wa njia ya Kwihara. Anayeijua Tabora anaijua ile miembe mikongwe inayokufuata kila unakokwenda. Wazee husema imeota kutokana na kokwa zilizotupwa na misafara ya pembe na watumwa, na mimi sina sababu ya kubisha. Kwihara yenyewe ndiko alikokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, kabla ya kuondoka kwa safari yake ya mwisho. Kama mwembe wa bibi ulikuwapo siku hizo sijui, lakini ulikuwa na sura ya kitu kilichoona mengi.

Kazi hatukupewa na bibi. Tulipewa na mwanawe aliyekuwa Dar es Salaam, kwa simu. Masika yaliyopita tawi moja lilikatika usiku likaingia jikoni na bati zake, na yeye akaamua mti wote uondoke kabla mvua hazijaanza tena. Alituma malipo ya awali siku hiyohiyo. Bibi alitukaribisha, tukamwamkia, akatupa maji ya kunywa. Tulipokuwa tunazungusha kamba akasema kutoka kwenye mkeka wake:

"Wajukuu zangu, huo mti una wenyewe."

"Tutawaomba ruhusa, mama," bamdogo akamjibu bila kugeuka. Kwetu mti mkubwa kuwa na wenyewe si habari ngeni. Sikuuliza ni wenyewe gani. Nilikuwa na miaka 22, na kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: sasa tutanunua mashine kubwa.

Ni lazima nieleze kwa nini hatukuthubutu kujaribu ujanja. Ujanja tulishaujaribu mwaka mmoja kabla, na wazo lilikuwa langu. Tulipata kazi ya mkuyu mnene kando ya bonde, nikamshawishi bamdogo tufunge bapa refu la inchi 24 kwenye ileile mashine ndogo. Fundi mmoja akachonga tundu za bapa kwa tupa mpaka zikakubali, akaunga cheni mbili zikawa moja. Kwa macho ilipendeza, mashine ilionekana imekua. Tulipoiingiza kwenye mti ikalia vizuri kwa dakika mbili, kisha ikaanza kuzama sauti kila cheni ilipouma. Nikawa nainyanyua, naishusha, nakanyagia mafuta. Pampu ya oili ya mashine ndogo imepimwa kwa bapa dogo, kwa hiyo oili haikufika hata nusu ya safari, na bapa likaanza kutoa moshi, likageuka rangi ya buluu kwenye ncha. Halafu tukanusa kitu kama breki za lori kwenye mteremko. Klachi. Ilikuwa inateleza na kuungua muda wote nilipokuwa najiona fundi. Bamdogo alilipa spea ile kwa miezi miwili na hakunitajia hata siku moja, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Basi Jumatatu tukaenda mjini na fedha ya mtoto wa bibi, na nyingine bamdogo aliyoipata kwa kuuza mbuzi wawili.

Dukani kulikuwa na mashine tatu za kutazamwa. Ya kwanza ilikuwa ya bei poa, imeandikwa CC 58, rangi ya chungwa kama zile zinazojulikana, na jina lake lilikuwa limepungukiwa na herufi moja tu kuwa jina kubwa. Kijana wa duka akasema hiyo ndiyo inayotoka sana. Bamdogo akavuta kamba ya kuwashia mara moja, taratibu, kusikiliza mgandamizo, akairudisha mezani. Hakusema neno.

Ya pili ilikuwa Stihl MS 070. Hiyo ndiyo niliyoitaka. CC 106, umbo la kizamani, nzito kama jiwe la kusagia, mashine ambayo wapasua magogo wa zamani wakiitaja wanashusha sauti. Haiendi mbio, lakini ikiuma haiachi. Duka lilikuwa nayo pamoja na bapa la inchi 36, na mimi nilikwishapiga hesabu njia nzima: inchi 36 ni sentimita 91, kwa mti wetu unakata upande mmoja karibu umalize.

Ya tatu ilikuwa Stihl MS 381, CC 72, bapa inchi 25. Mimi niliiona ya kawaida tu.

"Hii kubwa, bamdogo," nikamwambia. "Mti ule hautaki mzaha."

"Ishike."

Nikaishika 070, haina bapa, haina mafuta.

"Kwa mikono miwili, mbele yako, usawa wa tumbo. Usiiegemeze popote. Nihesabie hamsini."

Kijana wa duka akaacha alichokuwa akifanya. Kuanzia moja hadi ishirini nilikuwa natabasamu. Kwenye thelathini mgongo wa chini ukaanza kuniambia kitu. Arobaini na mbili viwiko vikaanza kutetemeka, na nikagundua kwamba bila kujua nimeisogeza mashine ikanigusa paja. Zaidi ya kilo kumi si mzigo wa kutisha begani. Mbele ya mwili ni habari nyingine kabisa.

"Hapo bado hujaongeza bapa, cheni, petroli na oili," akasema bamdogo. "Na haijawaka. Ikitetemeka umechoka, ukateleza ncha ikagusa kitu, inakurudia usoni. Sasa shika hiyo."

MS 381 ina kilo sita na nusu hivi. Nikahesabu hamsini, nikaendelea hadi themanini kwa kiburi.

Kisha akanifanyia hesabu palepale kwenye kaunta, kwa kidole: inchi 25 ni sentimita 63. Mara mbili, 126. Mti 115. "Inapita, na chenji inabaki." Akaniuliza miti mingine kama ule tumekata mingapi tangu nianze kazi naye. Nikafikiri. Mijohoro ya mitaani, mikaratusi ya wakulima wa tumbaku, mninga mmoja mmoja wenye kibali ambao siku hizi ukikuta wenye unene wa kifua cha mtu unashukuru. Kama ule, hakuna. Ule ulikuwa wa kwanza.

"Unanunua kiatu cha safari moja?" akaniuliza.

Tukakubaliana shilingi 1,800,000 baada ya mabishano marefu, cheni moja ya akiba ndani, na tupa mbili za milimita 5.2. Nilibeba boksi kwenye bodaboda nikiwa nimenuna kidogo. Nasema kweli, nilinuna. Nilitaka watu wa mtaani wanione na ile kubwa.

Kwa mashine mpya bamdogo aligeuka mwalimu wa kemia. Petroli lita moja kwa oili mililita 20, ile ya kampuni yenyewe, imepimwa kwa bomba la sindano la mifugo. Oili chafu ya gari, tuliyokuwa tukiitia kwenye cheni ya ile ndogo, akaipiga marufuku. Akaiwasha uani, akaiacha ingurume, akaizima, akakaza cheni iliyolegea, akaiwasha tena. Jirani akaja kuuliza kama tumenunua pikipiki.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa kwa bibi. "Mwangaluka," akatuamkia, akatazama mashine, akaingia ndani na kuku wake wawili kana kwamba mvua inakuja. Tulifyeka chini ya mti, tukasafisha njia mbili za kukimbilia, kushoto nyuma na kulia nyuma, kwa sababu mti ukianza kuondoka hupati muda wa kuchagua. Kamba ya kuuvuta tukaifunga kwenye tawi ambalo ngazi ilifika, si juu zaidi. Majani yalikuwa mazito, huko juu ni giza tu. Bamdogo, ambaye Ijumaa hakosi msikitini, aliweka kiganja kwenye gome akanong'ona dua. Nadhani alikuwa anawaombea radhi wale wenyewe, kwa tahadhari.

Akaanza mdomo, ile kabari unayoitoa upande unaotaka mti uangukie. Sijasahau ile sauti. CC 72 kwenye mwembe mbichi inaimba noti moja, haizami. Unga ulitoka wa rangi ya krimu, mirefumirefu kama tambi, dalili kwamba meno ni makali. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kabari za mti mkononi, nikamsamehe kila kitu.

Kisha rangi ikabadilika. Unga ukawa wa kahawia, halafu wa kahawia iliyoiva, halafu ukatoka kitu kama kahawa iliyokwishachujwa, chenye unyevu, kikamrukia kwenye buti. Mlio wa mashine ukapanda ghafla, kama gari lililotoka kwenye matope. Bamdogo akaachia mafuta.

"Tundu," akasema. "Limeoza ndani."

Mashine ikashuka ikabaki inanguruma polepole. Lakini juu ya ngurumo ile kulikuwa na ngurumo nyingine, na mimi nilidhani ni masikio yangu. Bamdogo akainua uso. Mita tatu hivi juu yetu, mahali lile tawi la masika lilipokatika, kulikuwa na mdomo mweusi kwenye gome ambao tuliuona tangu siku ya kamba tukadhani ni kovu tu. Kovu lilikuwa linachemka.

Zile njia mbili za kukimbilia hakuna aliyezitumia. Bamdogo aliiweka mashine chini, hakuitupa, jambo ambalo namheshimu nalo hadi leo, kisha akanipita. Mtu wa miaka 54. Mlango wa jiko la bibi ulikuwa wazi na moshi umejaa, tukaingia tukapiga magoti kando ya mafiga na kuinamisha vichwa motoni kama tunaoomba. Bibi alikuwa amekaa humo na kuku wake, anachambua maharage.

"Si nilisema una wenyewe," akasema.

"Mama, ungesema nyuki," bamdogo akasema kwa mdomo ambao upande mmoja ulishaanza kukua.

"Mlikuwa na haraka. Mmepewa kazi na mwanangu, mimi nani?"

Alikwangua miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, kwangu 17, kwa bamdogo aliacha kuhesabu. Wakati wote huo mashine mpya ilikuwa chini ya mwembe, inanguruma peke yake. Klachi ikiwa haijashika cheni haizunguki, kwa hiyo haikuwa na hatari kwa yeyote. Ilikuwa inakunywa tu petroli yetu. Harufu na mtetemo vikawa vinawachokoza zaidi, kila nyuki anaikalia hiyo ekzosi anaungua, wengine wanakuja. Tulichungulia kwenye upenyo wa ukuta, palepale ilipoandikwa 115 kwa mkaa. Shilingi 1,800,000 na mbuzi wawili. Ilikaa zaidi ya saa nzima ndipo ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Bibi alimtuma mjukuu kumwita ndugu wa marehemu mumewe, mzee mrina asali ambaye mizinga yake ya magome alikuwa akiitundika porini upande wa Sikonge. Alikuja usiku, na mwenge wa majani, shati la mikono mirefu, hana glavu. Aliupanda ule mti kama ngazi ya nyumbani kwake. Ndiye aliyekuwa akiwarina nyuki wale kila mwaka, asali inauzwa, bibi ananunua chumvi na sabuni. Mtoto wa Dar es Salaam alilijua hilo? Bibi alisema alikuwa akiila hiyo asali tangu anatambaa.

Tulirudi baada ya siku tisa, uso wa bamdogo umerudi mahali pake, na kundi la nyuki limehamishiwa kwenye mzinga. Mti uliangushwa bila matata, ingawa kwa woga mwingi kuliko wa kawaida, kwa sababu mti wenye tundu huwezi kuuamini utaelekea wapi. Ulipolala, tukatazama kisiki. Kilikuwa kama pete. Katikati kutupu, unaweza kumkalisha mtoto ndani, na ukuta wa mti mzima ukiwa umezunguka pembeni. Bamdogo akachuchumaa, akatandaza kiganja chake juu ya ule ukuta, kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Shibiri moja. Akasogea upande wa pili, akapima tena. Shibiri moja na vidole viwili.

Bapa la mashine ndogo lina shibiri mbili.

Alikaa hivyo kwa muda, kiganja juu ya kisiki. Mimi nilijifanya nakusanya kamba. Bibi alitoka na chupa mbili za soda zilizojaa asali, akaziweka kwenye kivuli ambacho hakikuwepo tena, akaziondoa akazipeleka ukutani.

"Ile ndogo iko wapi?" bamdogo akaniuliza.

"Iko nyumbani."

"Kailete. Tukatie matawi."