Kilindi Nisichokiona

Usiku wa giza la mwezi, wavuvi wa Kibirizi hutoka na taa zao, na muda si mrefu ziwa lililo mbele ya Kigoma huonekana kama mji mwingine unaoelea majini. Niliwahi kufuatana na mjomba wangu. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu chini ya taa ila wadudu walioungua, lakini yeye aliendelea kushika kamba ya wavu bila wasiwasi, kwa kuwa alijua kwamba dagaa hupanda usiku wakifuata viumbe vidogo ambavyo ndivyo chakula chao.

“Huoni kitu?” aliniuliza. Nikajibu kwamba sioni. “Tulia, mjomba, wapo.”

Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina oksijeni. Kilindi hicho hatujakiona, ingawa mtumbwi wetu ulielea juu yake. Mimi humwamini Mungu kwa namna inayokaribiana na hiyo (anayedai kuwa haamini asichokiona, nadhani hajavua dagaa), wala sidai kwamba imani yangu haiyumbi.

Kisha maji yakaanza kumeta chini ya taa, na mjomba akavuta kamba.