Slaidi Mbili

"Umechanganya slaidi." Bosi aliniambia hivyo bila hata kuinua macho kutoka kwenye hadubini. Ilikuwa Agosti, vumbi la Dodoma linapenya hata madirisha yaliyofungwa, na mimi nilikuwa na miezi minane tu kazini.

Sikumlaumu. Slaidi ya Januari, ya damu ya kichanga wa miezi saba kutoka Chamwino, ilijaa seli ndogo za mviringo. Kiini kimeijaza seli yote, pembeni umebaki ukingo mwembamba wa buluu. Saratani ya damu ya ukoo wa limfu, seli B changa, aina ya seli nyeupe za kinga, zenye CD19, alama ya ukoo wa B. Akatibiwa, akanawiri. Slaidi ya Agosti, jina lilelile: seli kubwa, zimejaa ute wa kijivu wenye vitundu, kiini kimekunjamana kama leso mfukoni. Monosaiti changa, seli nyeupe za ukoo mwingine kabisa. Asubuhi umetoa mbuzi zizini, jioni anarudi kondoo.

Nilipaka upya rangi ya Giemsa. Nikalinganisha chupa na daftari, mara tatu. Mwisho nikapanda wodini kumwona mtoto mwenyewe, kana kwamba uso wake ungenijibu. Usiku ule nilihesabu mabati. Niliona kibarua kinaota nyasi.

Jibu lilitoka Dar es Salaam, kulikopelekwa uboho wake. CD19 imetoweka, imekuja CD33, alama ya ukoo wa monosaiti. Lakini jeni ya KMT2A, kwenye kromosomu ya 11, ilikuwa imekatika palepale ilipokatika Januari na kuunganishwa na kipande kilekile cha kromosomu ya 4. Ni saratani ileile; sikuwa nimechanganya kitu. Seli ndizo zilizohama.

Daktari wa watoto ndiye aliyenikalisha chini. Seli B, alisema, haibaki B kwa kuzaliwa tu; kuna protini zinazoishikilia hapo muda wote, na mlinzi mkuu ni PAX5: huwasha jeni za B, huzima za koo nyingine. Mwaka 1999 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba seli za panya zisizo nayo, zilizokwisha anza safari ya kuwa B, zinaweza kugeuka aina nyingine. Mwaka 2004 wengine wakaingiza protini ya C/EBP alfa kwenye seli B, zikawa makrofaji, seli zinazomeza vijidudu. Sasa KMT2A iliyovunjika huvuruga ufunguaji na ufungaji huohuo wa jeni, na kwa vichanga ndiyo huonekana zaidi. Ziko pia dawa zinazowinda CD19, na seli iliyovua alama hiyo huponyoka. Huyu wetu hakuwa amepewa dawa hizo. Seli zake zilihama zenyewe.

Nilikuwepo bibi yake alipoelezwa. Mzee wa Kigogo, ana kovu la mviringo katikati ya paji la uso. Alisikiliza hadi mwisho, akanigeukia mimi badala ya daktari.

"Kwa hiyo, mjukuu wangu, amehamia ukoo mwingine, ila chale ya kwao anayo."

"Ndiyo, bibi. Hiyo chale ndiyo iliyomtambulisha."

Wiki ileile dawa zikabadilishwa, na mtoto akahamishiwa Dar na mama yake, sikumwona tena. Bosi hakuniomba radhi. Siku moja nilikuta kalamu mpya ya kuandikia slaidi mezani kwangu, bado imo kwenye karatasi yake.